Tarikhi ya Msimbo na Amana ya Waandishi Wake

Chombo kiitwacho Git, ambacho leo hutumiwa na aghalabu ya waandishi wa programu duniani kuhifadhi kazi zao, hakikutungwa kwa ajili ya Malava, wala sidhani kwamba aliyekitunga, Mfini Linus Torvalds, alikuwa amepata kusikia jina la mji huo mdogo ulioko kando ya barabara itokayo Kakamega kwenda Webuye, wenye msitu ubavuni mwake na mashamba ya miwa ya Wakabras yakiuzunguka. Walakini yeyote aliyeandika programu mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa na intaneti hununuliwa kwa bando atakiri kwamba, lau fundi angaliagizwa aunde chombo cha mahali kama hapo, asingaliunda kingine.

Sababu yake ni hii. Vyombo vingi vilivyotangulia, kama vile CVS na Subversion, viliweka tarikhi yote ya kazi katika kompyuta moja kuu, na kila mwandishi akapewa nuskha ya siku ile tu; hivyo alipotaka kujua juzi palikuwa na nini, au alipotaka kuandikisha kazi aliyoimaliza, ilimlazimu kubisha hodi katika kompyuta ile, na mtandao usipokuwapo hodi yake haikujibiwa. Git haikuifuata kaida hiyo. Kila achukuaye nuskha huchukua pamoja nayo tarikhi nzima tangu siku ya kwanza, akaweza kuandika, kulinganisha, kurudi nyuma, kufungua tawi jipya, yaani njia ya pembeni ya kazi, na kulifunga, hali yu gizani na simu yake haina hata shilingi moja ya bando, kisha mtandao urudipo akapeleka yote kwa mkupuo mmoja. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilipokatika na intaneti ya Kenya na Tanzania ikazorota, waliokuwa na nuskha zao ndani ya laptopu walikuwa na kila walichokihitaji isipokuwa wenzao.

Asili ya chombo chenyewe ni dharura. Fani hii ya kuhifadhi tarikhi ya msimbo ni kongwe, maana Marc Rochkind wa Bell Labs alitunga chombo chake mwaka 1972. Lakini waandishi wa kiini cha Linux walikuwa wakitumia BitKeeper, mali ya kampuni binafsi, kwa ruhusa ya bure, na ruhusa hiyo ilipoondolewa mwaka 2005 kwa sababu ya ugomvi wa leseni, Torvalds alianza kuandika cha kwake mwanzoni mwa Aprili, na kufikia tarehe 7 ya mwezi huo Git ilikuwa ikijihifadhi yenyewe. GitHub ilikuja baadaye, mwaka 2008, ikanunuliwa na Microsoft mwaka 2018 kwa dola bilioni 7.5, na ni nyumba mojawapo tu ya kuwekea hazina za msimbo miongoni mwa nyumba nyingi. Nalitaja jambo hili kwa kuwa vijana wengi huvichanganya viwili hivi, wakadhani kwamba kazi isiyokuwako GitHub haikuhifadhiwa, au, na hili lina madhara zaidi, kwamba iliyoko GitHub imekwisha kuhifadhiwa na hapana la kufanya tena.

Mwandishi amalizapo hatua huiandikisha, na hatua hiyo iliyoandikishwa, iitwayo komiti, hubeba ndani yake hali ya faili zote wakati huo, jina na anwani ya mwandishi, tarehe na saa, maneno machache ya kueleza muradi wake, na alama ya komiti iliyoitangulia. Kutokana na hayo yote hukokotolewa alama mpya yenye tarakimu na herufi 40, na anayegusa hata nukta moja ya komiti ya zamani huibadili alama yake na alama za zote zilizoifuata, hata mabadiliko hayo yakawa dhahiri kwa kila mwenye nuskha. Hili ni daftari la ushahidi. Kwa rai yangu, mashaka mengi yanayowapata waandishi wa programu, ambayo wao huyanasibisha na ugumu wa Git na wingi wa amri zake, hutokana na kulishika daftari la ushahidi kwa mikono ya mtu anayetupia vitu ghalani.

Tuanze na jina. Git haimdai mtu kitambulisho. Huandika jina lile ililoambiwa mara ya kwanza ilipowekwa katika kompyuta, na haiulizi tena. Kwa mwenye laptopu yake hapana madhara, lakini kijana afanyaye kazi katika saiba, au mwanafunzi atumiaye kompyuta za maabara ya chuo, huweza kuandikisha kazi ya mwezi mzima kwa jina la mtu aliyemtangulia kitini, na asitambue hata siku anapotaka kumwonyesha mwajiri kazi yake na kukuta imenasibishwa na mwingine. Fauka ya hayo, Windows nayo huhifadhi hati za kuingilia za mtu yule wa kwanza, hivyo kijana apelekapo kazi yake hukataliwa kwa kosa la 403, linalomwambia kwamba fulani, mtu asiyemjua, hana ruhusa katika hazina hii. Wengi hapo huiondoa Git na kuiweka upya, jambo lisilosaidia kitu, kwa maana hati hazimo ndani ya Git bali zimo katika sehemu ya Windows iitwayo Credential Manager, na humo ndimo zinamopaswa kufutwa; kisha jina na anwani viandikwe ndani ya hazina yenyewe, si kwa kompyuta nzima, ili ajaye naye aandike lake.

Suala la hati lina ncha nyingine mbili. Tangu tarehe 13 Agosti 2021 GitHub haipokei tena nywila ya kawaida kwa kazi za Git, ila tokeni maalumu au ufunguo wa SSH, na bado masomo mengi ya video yaliyorekodiwa kabla ya siku hiyo huendelea kufundisha nywila, mwanafunzi akaandika nywila sahihi mara ishirini na kuitilia shaka kumbukumbu yake. Tangu mwaka 2023 tena hudai kwa wachangiaji uthibitisho wa hatua mbili, ambao wengi huufunga kwenye simu. Na simu huibwa sokoni, huanguka majini, huuzwa siku ya karo. Nambari za kuokolea akaunti, ambazo GitHub humpa mtu siku anapoanza uthibitisho huo na ambazo karibu kila mtu huzipita bila kuzisoma, zichapishwe katika karatasi na karatasi iwekwe pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Mahali penye utajiri wa mashaka, hata hivyo, ni pale kazi za watu wawili zinapokutana. Tuchukulie vijana wawili wanaoandika programu ya hesabu za chama cha wakulima wa miwa, mmoja akikaa Malava na mwenzake akisoma Chuo Kikuu cha Masinde Muliro mjini Kakamega. Mkulima apelekapo miwa yake kiwandani, iwe kwa West Kenya kule Kabras au kwa Butali, hupimiwa kwenye mizani, kisha katika thamani yake hukatwa ujira wa wakataji, nauli ya trekta na deni la mbolea, na katika programu yetu ya kubuni ni mstari mmoja wa msimbo unaokokotoa makato hayo. Wa Malava ameubadili mstari huo ili nauli ihesabiwe kwa tani na kwa kilomita. Wa Kakamega, asijue, ameubadili mstari uleule ili senti zisizofika shilingi zitupwe. Wa kwanza kupeleka hukubaliwa. Wa pili hukataliwa, huambiwa avute kwanza kazi ya mwenzake, na avutapo Git husimama katikati ya faili, huchora mishale saba, chini yake huweka maneno ya huyo avutaye, kisha alama saba za sawasawa, kisha maneno ya mwenzake, kisha mishale saba tena, na kungoja. Kijana huona ameharibu kitu. Hakuharibu: chombo kimekiri tu kwamba hapa pana mashahidi wawili wasioafikiana, na kwamba kuhukumu baina yao hakikupewa.

Aliye na haraka huchagua maneno yake mwenyewe na kufuta ya mwenzake, akafurahi kwamba mishale imetoweka. Matokeo yake senti zatupwa vizuri, lakini mkulima aliye jirani ya kiwanda hulipishwa nauli sawa na aliye mbali nacho, na tarikhi yaonyesha kwamba jambo hilo liliunganishwa kwa ridhaa. Dawa ya mgongano huo haimo katika kompyuta hata kidogo. Ni kumpigia simu mwenzako, kumwuliza alikusudia nini, na kuandika mstari wa tatu uliobeba makusudio yote mawili. Na kabla ya hapo, ni kuvuta kazi ya wenzako kila asubuhi na kuandikisha yako kwa vipande vidogo, kwa kuwa mgongano wa mistari minne huzungumzika, na wa mistari elfu nne humfanya mtu mwema akate shauri kwa kutupa sarafu.

Mgongano wa kutisha zaidi ni ule usioonekana. Wa Malava, katika faili moja, amebadili uzito wote kutoka kilo kuwa tani. Wa Kakamega, katika faili nyingine kabisa, ameongeza ripoti mpya akiamini kwamba uzito ungali kwa kilo. Hakuna mstari uliogongana na mwingine, hivyo Git huziunganisha kazi zote mbili kimya, bila mshale hata mmoja, na programu hufanya kazi, na hesabu zake ni uongo mtupu. Hapa wa kuwaokoa ni majaribio yaliyoandikwa mapema, yanayoendeshwa kila baada ya kuunganisha na kudai kwamba mkulima fulani wa kubuni, mwenye tani kadhaa na kilomita kadhaa, sharti apate kiasi fulani, la sivyo kazi isikubaliwe.

Aliyekataliwa mara mbili huingiwa na hasira, na intaneti imejaa waganga wa kumfundisha kuongeza neno --force katika amri yake ya kupeleka. Amri hiyo hutii. Huiweka nuskha yake mahali pa ile iliyoko, na komiti za mwenzake, ziwe tatu au thelathini, huondoka katika tawi kana kwamba hazikuandikwa abadan. Nimewaona watu wazima wakikaribia kulia kwa ajili ya jambo hili, na kilio hicho aghalabu huwa cha bure, maana zilizoondolewa katika tawi hazikufutika: laptopu ya aliyeziandika ingali nazo, na hata katika nuskha ya mtu aliyeharibu tawi lake mwenyewe Git huweka shajara ya siri ya kila mahali tawi lilipopata kusimama, iitwayo reflog, ambayo kwa kawaida huhifadhi kumbukumbu kwa siku 90, na zile zilizokatika kabisa na tawi kwa siku 30. Anayejua hilo huitafuta alama ya komiti yake na kuirudisha kwa amri moja. Yupo asiyerudishiwa chochote, naye ni yule ambaye hakuandikisha: kazi ya juma zima iliyokaa ndani ya faili bila komiti, kisha ikafutwa na amri ya reset yenye neno --hard, haina shahidi mahali popote. Kwa tawi kuu, GitHub na nyumba nyingine ya namna hiyo iitwayo GitLab zote huruhusu kulifungia lisipokee nguvu ya mtu yeyote, na sioni udhuru wa timu yenye watu zaidi ya mmoja kuacha kulifungia siku ya kwanza.

Sasa tuje kwenye siri. Safaricom ilipoifungua huduma yake iitwayo Daraja mwaka 2017, ikawawezesha waandishi wa programu kuiunganisha kazi yao na M-PESA bila kupitia milango mingi, ilimpa kila mmoja wao ufunguo wa programu yake na siri ya ufunguo huo, na anayetaka mteja alipe kwa simu huongezewa neno jingine la siri. Mwanafunzi huyabandika maneno hayo katikati ya msimbo ili ajaribu, jaribio hufaulu, furaha humpanda, naye hupeleka yote GitHub katika hazina iliyo wazi kwa ulimwengu, mahali ambapo wapo walioandika programu zisizolala, kazi yao ikiwa ni kupekua komiti mpya na kutafuta maneno yenye sura ya ufunguo. Akigundua, hufuta mstari ule na kuandikisha komiti nyingine, tena mara nyingi yenye maelezo kwamba siri imeondolewa, akawa amemwelekeza mwizi kwa kidole komiti ya kuitazama, kwani iliyotangulia ingali pale na ufunguo ungali ndani yake. Hata hazina iliyofungwa haitoshi: mwaka 2016 wezi waliingia katika hazina ya faragha ya Uber, kampuni ambayo Nairobi nzima huijua, wakakuta humo funguo za ghala la data, na kwazo wakachukua habari za watu milioni 57, jambo ambalo kampuni iliuficha umma hadi Novemba 2017.

Utaratibu wa tiba una mpangilio wake, na karibu kila mtu huupindua. Kwanza ufunguo wenyewe ubatilishwe huko ulikotolewa na mpya uombwe, kabla ya kugusa hazina. Baada ya hapo ndipo tarikhi isafishwe, kwa chombo kama git-filter-repo, nao wenzako wote wachukue nuskha upya. Anayeanza kwa kusafisha hutumia saa nzima kuosha sakafu hali mlango u wazi. Funguo zikae katika faili ya pembeni, na jina la faili hiyo liandikwe ndani ya .gitignore, orodha ya faili ambazo Git huamriwa isizitazame, kabla haijaandikishwa hata mara moja, kwa kuwa .gitignore haina mamlaka juu ya faili ambayo Git imekwisha kuijua. Haya yanahusu pia data za majaribio: orodha halisi ya wakulima, yenye majina, nambari za vitambulisho na za simu, ikitiwa katika hazina ili programu ijaribiwe, mwandishi amejiweka mbele ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na asiseme alidhani hakuna atakayeitazama.

Yapo madogo, nayo tuyapite. Folda ya vipande vya kuazima, iitwayo node_modules, isitiwe kamwe katika hazina. Humaliza bando la kila avutaye. GitHub hukataa faili izidiyo megabaiti 100, na kuifuta katika komiti ifuatayo hakusaidii, kwa sababu komiti iliyotangulia ingali inaibeba. Windows humaliza mistari kwa alama mbili na Linux kwa moja, hivyo faili huweza kuonekana imebadilika yote ilhali hapana neno lililoguswa, na faili ndogo ya .gitattributes huumaliza ubishi huo. Picha iitwayo Miwa.png na ile iitwayo miwa.png ni moja katika Windows na ni mbili katika Linux, ndiyo sababu tovuti huonekana kamili Malava na kukosa picha kwenye seva.

La uzito ni hili la nuskha ya pekee. Watu wa pwani walilijua kwa uchungu kabla ya kompyuta. Habari za Pate, tarikhi ya masultani Wanabahani, yasemekana asili yake iliteketea Witu mwaka 1890, Waingereza walipoushambulia mji ule. Kilichobaki ni kumbukumbu ya Bwana Kitini, aliyekuwa wa ukoo huohuo, na kutokana naye zikaandikwa nuskha mbalimbali kwa watu mbalimbali, Stigand akachapisha moja kwa Kiingereza mwaka 1913, Alice Werner nyingine muda mfupi baadaye, hata Marina Tolmacheva alipozikusanya na kuzilinganisha katika kitabu cha mwaka 1993 zilikuwa hazipatani katika majina wala katika miaka. Hakuna awezaye kuziunganisha, kwa kuwa komiti ya kwanza, tuseme hivyo, haipo.

Kwa hazina ya Git msiba wa namna hiyo ni mgumu kutokea, kwani kila mwenye nuskha anayo asili. Lakini si yote yaliyoko GitHub au GitLab yamo ndani ya Git: mijadala, orodha za kasoro, maoni ya wakaguzi na ruhusa za watumiaji hukaa nje yake. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, akifanya kazi usiku kwa uchovu, alifuta takriban gigabaiti 300 za data katika seva ambayo siyo, na kampuni ikagundua kwamba katika njia tano ilizoziweka za kuhifadhi akiba hakuna iliyokuwa ikifanya kazi sawasawa. Iliyowaokoa ni nuskha iliyochukuliwa saa sita kabla ya ajali. Msimbo wa watu haukupotea, zilizopotea ni data za nje ya Git za saa hizo sita, yakiwamo mazungumzo yao.

Anayetaka kuona daftari lililoshikwa vyema hahitaji kwenda mbali na Malava. Eldoret, katika ushirikiano wa AMPATH baina ya Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana, ndiko programu ya OpenMRS ya kuweka kumbukumbu za wagonjwa ilikoanza kutumika Februari 2006, baada ya Paul Biondich na Burke Mamlin kuianzisha mwaka 2004, nayo leo hutumika katika nchi nyingi, na KenyaEMR ya vituo vya afya vya serikali imejengwa juu yake. Msimbo wake u wazi, na hapo ndipo penye mtego: mwenye hospitali akiichukua nuskha yake, akapasua kiini na kukibadili apendavyo, atafurahi mwaka wa kwanza, kisha marekebisho ya usalama yatakapotoka kwa wenye asili hataweza kuyapokea bila migongano mamia, ataahirisha, na kila akiahirisha umbali utazidi, hadi awe na programu ambayo hakuna mwingine duniani aijuaye. Waanzilishi waliliona hilo, wakakifanya kiini kipokee moduli, hivyo anayetaka jambo la kwake huliandika pembeni na kukiacha kiini kama kilivyo. KenyaEMR imekwenda kwa njia hiyo. Ni somo kubwa kuliko amri zote za Git zikiwekwa pamoja, na nashangaa jinsi linavyofundishwa kwa nadra.

Limebaki la umiliki, ambalo vitabu vingi vya Git havilitaji. Chama au duka hapa humlipa kijana mmoja aandike programu. Kijana huiweka katika akaunti yake mwenyewe, kwa anwani yake ya barua pepe na kwa simu yake. Kisha hupata kazi Nairobi au Doha, au hukosana na wenye chama juu ya malipo, na chama hubaki na programu inayokwenda lakini isiyorekebishika, kwa sababu hakuna mwanachama aliyepata kuiona hazina yake. Mara nyingi hapana dhuluma iliyokusudiwa. Hakuna tu aliyeuliza. Kabla ya senti ya mwisho kulipwa, hazina ihamishiwe akaunti ya shirika iliyofunguliwa kwa anwani ya chama, na mwandishi awe humo mwenye ruhusa ya kuandika pasipo kuwa mmiliki wa pekee. GitHub huruhusu akaunti ya namna hiyo kuwa na wamiliki zaidi ya mmoja, na kwa chama cha wakulima naona katibu na mweka hazina watatosha kuanzia.